Kuku Hana Kosa: Tuangalie Kwanza Chombo



Katika koperative nyingi za Kivu zinazofuga kuku, neno linalorudi kwenye kila mukutano ni moja: "Chakula ya kuku iko bei kali." Na ni kweli. Mahindi yanapanda bei wakati barabara ya bonde la Ruzizi imeharibika au haipitiki. Soya inapanda. Sambaza inapanda siku zile mwezi unawaka sana na wavuvi hawaendi ziwani. Kisha mutu anasimama kwenye mukutano anasema: "Tuandikie mradi, watupatie viloba vya chakula." Watu wanapiga makofi, katibu anaandika, na kila mumoja anarudi nyumbani.

Sisi tunaoandaa gazeti hili tuko na maoni mengine, na tunayasema bila kuzunguka. Kabla koperative haijaomba kiloba kingine, ipime kwanza kile kinachoanguka chini. Katika nyumba nyingi kuku hawali chakula chote wanachopewa. Sehemu moja inaingia tumboni, sehemu ingine inaingia udongoni, kwenye mavi, kwenye maji na kwenye mudomo wa panya. Sehemu hiyo ya pili imelipiwa feza ile ile na imebebwa kichwani na mama yule yule.

Hesabu ya kuku 20

Tufanye hesabu kidogo. Kuku mukubwa wa mayai wa kisasa anakula karibu gramu 110 mpaka 120 kwa siku. Kuku wa kienyeji ni mudogo kuliko huyo, na akizunguka uwanjani anajitafutia wadudu na majani. Tuchukue gramu 100 kusudi hesabu iwe rahisi. Mama mwenye kuku 20 waliofungiwa atatia kilo 2 kila siku, maana yake kilo 60 kwa mwezi.

Walimu wa ufugaji wanafundisha tangu zamani kwamba chombo cha wazi kikijazwa mpaka juu, karibu sehemu 30 kwa 100 za chakula zinaweza kupotea. Kikijazwa mbili kwa tatu, zinapotea karibu 10 kwa 100. Kikijazwa nusu, ni 3 kwa 100. Kikijazwa moja kwa tatu tu, ni 1 kwa 100. Chombo ni kile kile, kuku ni wale wale. Kilichobadilika ni mukono wa mutu anayetia.

Mama wetu akijaza mpaka juu, kwa kila kilo 2 anaweza kupoteza gramu 600 kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 18. Kwa mwaka mzima ni kilo 219, yaani viloba 4 vya kilo 50 na kilo 19 juu yake. Akijaza nusu, mara mbili kwa siku, anapoteza karibu kilo 22 kwa mwaka. Sasa chukua bei ya mahindi na soya kwenye soko lenu, uzidishe mwenyewe. Na kama koperative iko na wanamemba 30 wenye kuku 20 kila mumoja, na wote wanajaza mpaka juu, ni zaidi ya tani 6 na nusu zinazokanyagwa kila mwaka. Hakuna mradi utakaoleta tani 6 na nusu bure kila mwaka. Lakini ziko hapa kwetu tayari, chini ya miguu ya kuku.

Haba na haba hujaza kibaba, wazee walisema. Hapa ni kinyume: haba na haba inamaliza kibaba.

Chakula ya kuku ni chakula ya mutoto

Kuna mutu atasema: "Hiyo ni mambo ya kuku tu, tuko na matatizo makubwa." Tunamuomba aangalie kikapu cha mama anapotoka sokoni. Mahindi, soya, sambaza kavu. Kwenye kituo cha afya munganga anamufundisha mama kupika buyi ya masoso, yaani mahindi, mutama na soya, kusudi mutoto apate nguvu. Na sambaza ndiyo nyama ya watu wengi hapa kwetu. Kuku na mutoto wanakula kwenye kikapu kimoja.

Kama kuku anakula soya na anarudisha yai, ni sawa. Yai linaliwa nyumbani, au linauzwa na feza inasaidia kulipa minervali ya mutoto wa sekondari. Lakini soya iliyomwagika kwenye matope hairudishi kitu. Na kinachomwagika mara nyingi ndicho cha bei kuliko vyote. Kuku anapenda vipande vya mahindi anavyoviona kwa jicho. Anapeleka mudomo kushoto na kulia kuvitafuta, na unga muzuri unarukia inje. Katika unga ule ndimo mulimo soya, sambaza ya kusaga, chumvi na chokaa ya mifupa. Mwenye kuku anashangaa: "Ninawapa soya kila siku, sababu gani hawatagi?" Soya alinunua, lakini kuku hawakuila.

Kuku anafanya kazi yake

Wengine wanakasirikia kuku. Wanasema huyu ni kuku mubaya, ana roho ya kuharibu. Hapana. Kuku ameumbwa kuchakura. Porini anapata chakula chake kwa kufukua udongo kwa miguu na kutupa majani pembeni kwa mudomo. Akiwekewa sahani chini, ataingia ndani, atachakura, atakunya ndani. Hawezi kufanya ingine. Mutu ndiye mwenye akili ya kutengeneza chombo.

Chombo kizuri kiko na mambo machache tu, na fundi yeyote wa kijiji anaweza kuyafanya.

Jambo la kwanza ni urefu. Ukingo wa chombo uwe sawa na mugongo wa kuku anaposimama. Kikiwa chini sana, anaingia na kuchakura. Kikiwa sawa na mugongo, anainua kichwa kidogo, anakula, na kinachotoka mudomoni kinarudi ndani. Vifaranga wanapokua, chombo kinapandishwa pamoja nao. Kamba na tofali mbili zinatosha.

Jambo la pili ni ukingo wenyewe. Upigiliwe kaubao kanakoingia ndani upana wa kidole, kusudi kuku akisukuma chakula kwa mudomo kisiruke inje. Bambu iliyopasuliwa juu tu, bila kukatwa nusu nzima, iko tayari na ukingo wa namna hiyo. Bido la manjano la litri 20 lililokatwa matundu pembeni, kiasi cha kuingia kichwa tu, nalo linafaa. Lisiwe bido lililobeba dawa ya mashamba au mazuti.

Jambo la tatu ni fimbo inayopita juu ya chombo kirefu, inayozunguka kwenye misumari miwili. Kuku akitaka kusimama juu yake inazunguka, anashuka. Mavi hayaingii kwenye chakula.

Jambo la nne ni nafasi. Kuku mukubwa anahitaji karibu sentimita 10 za ukingo. Chombo cha metre 1 kinacholiwa pande zote mbili kinatosha kuku 20. Kikiwa kifupi, wenye nguvu wanapigana na kumwaga, na wadogo wanalala njaa. Kwa hiyo mutu mwenye kuku 40 na kakopo kamoja asiseme chombo anacho. Hana.

Upotevu usioonekana

Kuna chakula kinachopotea bila mutu kukiona chini. Tukitengeneza chombo tu na kuacha haya, kazi itabaki nusu.

Panya wanakula usiku. Panya mukubwa mumoja anakula karibu gramu 20 mpaka 30 kwa siku. Panya 10 wanamaliza chakula cha kuku 2 au 3, na wanachafua kingine kwa mukojo wao. Kuku hali gizani. Basi chakula kinabaki kwenye kibanda usiku kwa faida ya nani? Jioni chombo kitolewe au kifunikwe, na kiloba kiwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, kisikae chini.

Maji nayo yanaharibu. Kuku anakunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na asipopata maji hali vizuri. Kwa hiyo maji lazima yawepo siku nzima. Lakini yakigusana na chakula, kuku anatoka na unga mudomoni anauosha ndani ya maji. Weka maji hatua mbili tatu pembeni. Na chakula kilicholowa kisibaki mpaka kesho yake, kwa sababu kinaota ukungu, na ukungu wa mahindi na karanga unaweza kuwa na sumu inayoharibu maini ya kuku. Mahindi yenye ukungu hayafai kwa mutu, na hayafai kwa kuku. Tusiseme "peleka kwa kuku" kana kwamba tumbo la kuku ni shimo la takataka.

Soya mbichi ni upotevu wa ndani ya tumbo. Soya isiyokaangwa wala kuchemshwa iko na kitu kinachozuia tumbo la kuku kutumia nguvu ya ile soya. Kuku anakula, anashiba, na nguvu inatoka pamoja na mavi. Ikaangwe mpaka ibadilike rangi na harufu ya ubichi iishe, au ichemshwe na kuanikwa, kisha isagwe. Na mahindi yasagwe sawasawa. Vipande vikubwa vikichanganyika na unga mwembamba, kuku ataanza kuchagua.

Mwisho kuna kuku anayekula bila kuzaa. Angalia kilemba chake kama ni chekundu na laini. Pima vidole kati ya mifupa miwili iliyo karibu na mulango wa mayai. Kwa kuku anayetaga, vidole 2 au 3 vinaingia. Kwa asiyetaga, kinaingia 1 kwa shida. Kama hayuko anaatamia, hayuko anabadilisha manyoya, na hayuko mugonjwa, lakini miezi inapita bila yai, mahali pake ni soko au chungu. Inauma, hasa kama ni kuku wa zamani nyumbani. Lakini anakula sehemu ya wanaotaga.

Wanaotukatalia

Tumesikia majibu mengi juu ya mambo haya, na inafaa tuyajibu kwa heshima.

La kwanza: "Kuku wa kienyeji hana haja ya chombo, kinachoanguka anakiokota." Kwa punje nzima, kwenye uwanja mukavu uliofagiliwa, ni kweli nusu. Mama akirusha mukono mumoja wa mahindi jioni ili kuku warudi nyumbani, hatuna neno. Watachakura na wataokota. Lakini unga hauokotwi. Ukishuka kwenye majani ya kibanda au matope ya mvua, umekwenda. Na kidogo ambacho kuku anaokota kwenye mavi kinamurudishia minyoo na ugonjwa wa kuhara damu, hasa vifaranga. Kuku mwenye minyoo anakula sana na hanenepi. Huo ni upotevu juu ya upotevu.

La pili: "Chombo ni feza." Tunajibu kwa kuuliza: kiloba ni nini? Bambu inaota kwenye vilima vyetu. Mbao za mabaki ziko kwa fundi. Kazi ni ya nusu siku. Ukiokoa kilo 15 za chakula kwa mwezi, weka bei yake pembeni ya bei ya misumari, uone ni ipi inayozidi.

La tatu linatoka kwa wale waliosikia habari hii vibaya: "Basi tupunguze chakula, kuku wasimwage." Hapana kabisa! Kupunguza upotevu si kunyima. Kuku mwenye njaa hatagi, na kuku wenye njaa ndio wanaopigana na kumwaga zaidi. Kujaza nusu maana yake ni kutia mara mbili, asubuhi na alasiri, kipimo kile kile cha siku. Waache wamalize mpaka chini kabla ya kutia tena. Kama kinabaki kila jioni, ulitia kingi. Kama chombo kimekauka kabla ya saa sita na kuku wanakukimbilia mulangoni, ulitia kidogo.

La nne linasemwa polepole, zaidi na wanaume: "Hiyo ni kazi ya mama." Wandugu, mama anaamka mapema, anakwenda shamba, anateka maji, anapika, anaangalia watoto. Akijaza chombo mpaka juu mara moja, si kwa uvivu. Anajaza kwa sababu hatarudi mpaka jioni. Kama baba au mutoto mukubwa hatatia ile mara ya pili, ushauri wetu wote ni maneno ya karatasi. Na feza ya mayai ikisaidia nyumba nzima, kazi ya kuku haiwezi kuwa ya mutu mumoja.

Tunachoomba koperative ifanye

Kwanza, kila mwanamemba apime kwa siku moja. Atandike kiloba kikuukuu chini ya chombo asubuhi. Jioni akusanye kilichoanguka, atoe mavi na manyoya, apime kwa mizani ya koperative au kwa kopo la kila siku. Namba hiyo ailete kwenye mukutano. Si kwa kuchekwa; ni kwa kujua. Tunaamini namba ya kopo lako mwenyewe itakuamsha kuliko maneno yetu hapa.

Pili, komite ichague siku moja ya kutengeneza vyombo pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye bambu alete bambu, mwenye msumeno alete msumeno, agronomu aje na kipimo cha urefu. Wajane na wazee watengenezewe kwanza.

Tatu, koperative inayonunua mahindi na soya kwa pamoja iweke sheria: anayechukua kiloba kwa deni awe na chombo kinachofaa, na nafasi ya kutosha kwa kuku wake. Tunajua sheria hii itakasirisha watu. Lakini deni la chakula kilichomwagika linalipwa na wote, hata na yule ambaye kuku wake hawamwagi. Koperative haikuanzishwa kwa kulisha panya.

Nne, tunasema pia kwa upande wa miradi. Kumupa mama kuku 10 bila chombo na bila siku moja ya kumuonyesha kazi ni kumupa deni. Koperative ikiletewa mupango wa namna hiyo iwe na ujasiri wa kusema: "Asante, lakini tuletee kuku 8 na vyombo vyake." Wanaosaidia wanapaswa kusikia neno hilo kutoka kwa wakulima wenyewe, na katibu aliandike kwenye barua kabla ya kuku kufika.

Hatusemi kwamba chombo kitamaliza matatizo ya mufugaji. Ugonjwa wa Newcastle bado unaweza kumaliza kibanda kizima kwa siku chache, na bila chanjo hata chombo cha zahabu hakisaidii kitu. Barabara zitabaki mbaya mpaka zitengenezwe. Bei ya soko haiko mikononi mwetu. Vita haviko mikononi mwetu. Lakini urefu wa chombo uko mikononi mwetu. Mukono unaojaza nusu badala ya kujaza mpaka juu ni wetu. Mukulima anayeishi katikati ya mambo mengi asiyoweza kuyabadilisha asiache hata moja analoweza.

Kwa hiyo, wandugu, kabla ya kuandika barua ya kuomba viloba, tandikeni kiloba tupu chini ya chombo. Kisha mutuletee namba zenu. Koperative itakayopima mara ya kwanza, itengeneze vyombo, na ipime tena baada ya mwezi mumoja, tutafurahi kuandika hesabu yake kwenye gazeti hili, kilo kwa kilo, kusudi zingine zijifunze.